Hadithi ya Mzee haiombi cheti kwa maabara



Katika vijitabu vya mila kama hiki chetu kuna desturi moja ambayo sasa imekuwa ugonjwa. Mtu anachukua hadithi ya mababu juu ya mwanzo wa uhai, anaiweka kando ya kitabu cha biolojia, kisha anapiga makofi: «Munaona? Mababu walijua yote mbele ya Wazungu!» Wasomaji wanafurahi, mwandishi anapongezwa, na hakuna anayeuliza kama hadithi ile ingali kweli hadithi ya mababu. Mimi ninaipinga desturi hiyo. Ninaipinga kama mwalimu wa biolojia na kemia, na ninaipinga pia kama mtu anayependa mila. Na ili mtu asiseme kwamba ninawatupia wengine mawe, nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mambo yalivyokuwa

Miaka kadhaa iliyopita, hapa Lubumbashi, nilikuwa katika kamati ndogo iliyokusanya hadithi za mwanzo wa dunia kutoka makabila mbalimbali ya inchi yetu. Tulimwalika mzee mmoja, Mkuba wa Mweka, aliyefika Katanga akiwa kijana na kutumika kwa reli mpaka pensheni. Mzee alitusimulia kwa jioni mbili, na alituahidi ya tatu.

Alisema hivi. Hapo mwanzo hakukuwa kitu, ila giza na maji. Bumba, ambaye wengine wanamwita Mbombo, alikuwa peke yake. Siku moja tumbo likamuuma sana, akatapika jua. Mwangaza ukaenea, jua likakausha maji, mchanga ukatokea. Akatapika mwezi na nyota. Maumivu hayakuisha: akatapika chui, tai, mamba, samaki, kobe, radi ambayo ni mnyama kama chui mweusi, yangeyange mweupe, mdudu, mbuzi. Mwishoni akatapika watu. Wale wanyama wa kwanza wakazaa wengine. Radi alisumbua dunia mpaka Bumba akamfukuza juu mbinguni, na watu wakabaki bila moto, mpaka Bumba mwenyewe akawafundisha kuutoa katika miti. Kisha wakaja watoto watatu wa Bumba kumalizia kazi ya baba yao. Mmoja wao alitapika mchwa, lakini kazi ile ilimshinda nguvu, akafa. Mchwa, kwa kumshukuru aliyewaleta duniani, wakashuka chini sana kutafuta udongo mweusi, wakapanda nao juu ya mchanga mtupu ili wamzike muumba wao kwa heshima.

Hadithi hiyo si siri. Emil Torday, Mhungari aliyesafiri huko Kasai kati ya 1907 na 1909, aliandika maelezo yanayofanana nayo. Lakini Torday hakumsikia mzee wetu, na mzee wetu alikuwa na yake ya kusema.

Sisi tulifanya nini? Tuliketi mezani, tukaanza «kusafisha». Neno kutapika likaonekana aibu, tukaandika kutoa. Samaki tukamvuta mbele ya chui, juu kitabu kinasema uhai ulianza majini. Maji ya kwanza tukayaongezea maneno mawili: «yenye joto». Radi tukaipandisha mpaka mwanzo kabisa, juu mmoja wetu alikumbuka kwamba kule Amerika kuna mtu aliyepiga cheche za umeme katika chupa na kupata vitu vya uhai. Na mchwa? Mchwa tukawafuta. Hawakuwa na nafasi katika siansi. Mimi nilikuwa hapo, na ni mimi niliyetoa ushauri wa ile radi.

Siku ya kusoma mbele ya watu, mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza pole pole:

— Na ile mchwa yangu, muliitia wapi?

Mwenzetu mmoja akamweleza:

— Mzee, tuliifanya ifanane na siansi, ili batu ba masomo baiheshimu.

Mzee akasema:

— Bon. Basi ile njo yenu. Muandike majina yenu chini. Jina yangu muitoshe.

Jioni ya tatu hakuja. Tulimtumia vijana mara mbili. Aliwapokea vizuri, akawapa maji ya kunywa, lakini hakusema neno juu ya Bumba. Baadaye akafariki. Daftari la jioni zile mbili lilitupwa pamoja na karatasi nyingine, kwa sababu tulikuwa na maandiko «safi» ya mashine. Niliyoyaandika hapo juu ni yale kichwa changu kimeweza kuchunga.

Hasara ya kwanza: tunaua mila tukidhani tunaiinua

Wenzangu wanaotetea desturi hii wanapenda methali: mwacha asili ni mtumwa. Ni kweli. Lakini anayebadilisha asili ili impendeze bwana mwingine, huyo naye ni nani?

Tazama vizuri kilichofutwa. Hadithi ya mzee haikuwa inajibu swali la mwalimu wa kemia. Ilijibu maswali mengine. Kwa nini kuumba ni maumivu? Kwa nini radi ni mkali na kwa nini yuko mbali? Moto tuliupata kwa nani? Na zaidi ya yote: kiumbe ana deni gani kwa aliyemleta duniani? Jibu lake ni mchwa. Hapa Katanga kila mtoto anajua kichuguu. Vingine vinazidi urefu wa nyumba. Mzee alikuwa anatuambia kwamba ile kazi ya kupandisha udongo ni kazi ya mazishi, ni heshima ya mtoto kwa mzazi. Kuna mwanafunzi gani atakayesahau fundisho kama hilo? Sisi tulilitoa, tukabakiza samaki.

Jan Vansina, aliyeanza utafiti wake kwa Bakuba mwaka 1953 na kuandika kitabu chake juu ya mapokeo ya mdomo mwaka 1961, aliwafundisha wanahistoria kwamba mapokeo yana sheria zake: nani anasema, alipokea kwa nani, kuna maelezo mengine gani yanayotofautiana. Mtu aliyetoka mbali alichukua maneno ya wazee wetu kama ushahidi wa kuchunguzwa kwa uangalifu. Sisi watoto wa inchi tuliyachukua kama kitambaa cha kukata na kushona upya.

Hasara ya pili: tunadanganya juu ya elimu

Upande mwingine mambo si mazuri zaidi. Wanafunzi wanafika darasani wakiwa tayari na hukumu: «Siansi inasema mtu ametoka kwa nyani, na uhai ulijitokea wenyewe katika matope.» Tuwaeleze sawasawa. Darwin, mwaka 1859, alieleza namna aina za viumbe zinavyobadilika na kutokana moja na nyingine. Juu ya kiumbe cha kwanza kabisa hakutoa fundisho. Mwaka 1871, katika barua kwa rafiki yake Hooker, alikisia tu habari ya kidimbwi cha maji ya uvuguvugu. Hayo ni maswali mawili, si moja.

Wengine wanamleta Pasteur kama shahidi: «Pasteur alionyesha kwamba kilicho hai hutoka tu kwa kilicho hai, basi mambo yamekwisha.» Pasteur, katika miaka ya 1860 hivi, alichemsha mchuzi katika chupa zenye shingo ya kupinda, vumbi la hewa lisiingie, na mchuzi haukuoza. Alishinda wale waliosema vijidudu vinazaliwa vyenyewe katika mchuzi kwa siku chache. Lakini chupa yake haikuwa dunia ya miaka miliari 4 iliyopita, ni kusema miaka milioni 4000, yenye bahari nzima, volkano, muda usio na hesabu, na hewa ambayo haikuwa na oksijeni ya kupumua.

Juu ya dunia ile ya zamani, wenye elimu hawana jibu moja. Wana njia kadhaa, na kila njia ina mwiba wake.

Njia ya kwanza ni ya Oparin, Mrusi, mwaka 1924, na Haldane, Mwingereza, mwaka 1929: katika hewa isiyo na oksijeni, jua na radi viliunganisha gesi, na bahari ikawa kama supu. Mwaka 1953, Stanley Miller, mwanafunzi wa Harold Urey huko Chicago, aliweka maji, metani, amonia na idrojeni katika vyombo vya kioo, akapitisha cheche za umeme kwa siku kadhaa, akapata asidi za amino, yale matofali ya protini. Dunia nzima ilishangaa. Lakini baadaye wataalamu wengi waliona kwamba hewa ya kale haikuwa kama ile ya chupa ya Miller. Ilikuwa zaidi gesi ya kaboni na naitrojeni, na katika hewa hiyo mavuno yanapungua sana.

Njia ya pili iko chini ya maji. Mwaka 1977, karibu na visiwa vya Galápagos, watafiti walikuta katika kilindi cha bahari chemchemi za maji ya moto, na viumbe vingi vinavyoishi pale bila jua, kwa nguvu ya kemia ya mawe. Tangu hapo wengi wanafikiri kwamba uhai ulianza katika matundu ya mawe ya namna ile, ambamo madini yanasaidia vitu kuungana. Mwiba wake: maji mengi ya moto yanavunja pia nyuzi ndefu ambazo uhai unazihitaji.

Njia ya tatu inauliza swali la kuku na yai. ADN inahitaji protini ili inakiliwe, na protini inahitaji maagizo ya ADN, nani alitangulia? Cech na Altman walionyesha kwamba ARN inaweza kubeba maagizo na kufanya kazi pia, wakapata zawadi ya Nobel mwaka 1989. Labda basi ARN ilitangulia. Mwiba: kuipata ARN yenyewe kutoka vitu vya kawaida ni kazi ngumu. Mwaka 2009 kikundi cha Sutherland, huko Manchester, kilipata njia ya kutengeneza matofali mawili kati ya manne yake. Mawili, si nyumba.

Tena kuna mawe ya mbinguni. Jiwe lililoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969 lilikuwa na asidi za amino. Na udongo wa kiasteroidi Bennu, uliofikishwa duniani Septemba 2023, ulionekana kuwa na asidi za amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe, pamoja na herufi zote tano za ADN na ARN; habari hiyo ilitangazwa mwaka 2025. Matofali yapo hata mbinguni. Lakini mpaka leo hakuna maabara hata moja iliyochukua vitu visivyo hai na kutoa chembe hai.

Ninayasema haya bila aibu mbele ya wanafunzi wangu. Heshima ya elimu iko hapo: inakubali kusahihishwa. Na hapa ndipo upumbavu wetu unaonekana. Tulipoifunga hadithi ya mzee kwenye chupa ya Miller, tuliifunga kwenye kitu ambacho Wazungu wenyewe walikuwa wamekwisha kukitilia mashaka. Chupa ikivunjika, Bumba naye avunjike? Kesho wakisema uhai ulianza katika mawe, tutamwamsha mzee kaburini ili Bumba atapike mawe? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako.

«Lakini watoto wanadharau mababu»

Ninajua jibu la wenzangu, juu nililisema mimi mwenyewe mezani pale: «Mwalimu, watoto wanacheka hadithi za kijijini. Tukiwaonyesha kwamba mababu walijua siansi, watajivuna.»

Hapana. Tumewafundisha kinyume. Tumewaambia kwamba neno la babu lina thamani siku ile tu Mzungu wa maabara analitia sahihi. Hiyo ni dharau ile ile, imevaa koti. Na mtoto mwenye akili atavumbua mchezo wetu. Atasoma kwamba asidi ya amino inatafutwa kwa vyombo na vipimo, na kwamba jaribio linarudiwa na wengine ili kuona kama ni kweli. Atauliza: «Bumba alipimwa wapi?» Hapo atatupa yote mawili: hadithi kwa sababu imedai kuwa siansi na haikuweza, na siansi kwa sababu mwalimu aliifundisha kama hadithi.

Tukitaka mtoto wa Kongo aone kwamba elimu ya mwanzo wa uhai inamhusu, hatuhitaji kumwibia mzee. Inchi yenyewe inasema. Waulize watu wa migodi ya Kolwezi na Fungurume juu ya mwamba wanaouita R.S.C., ulioko katikati ya tabaka mbili za madini ya shaba na kobalti. Mwamba ule una stromatoliti, ni kusema tabaka nyembamba nyembamba zilizojengwa na vijidudu katika maji ya kina kifupi, miaka zaidi ya milioni 700 iliyopita. Kazi ya namna hiyo hiyo, iliyohifadhiwa katika mawe ya Australia ya Magharibi, ina miaka karibu milioni 3500, na ni kati ya alama za kale kabisa za uhai zinazojulikana. Vijana wetu wanavunja mwamba ule kwa nyundo kila siku, na hakuna aliyewaambia kwamba mkononi wanashika ukuta uliojengwa na viumbe visivyoonekana kwa macho.

Tupande mpaka Ziwa Tanganyika. Upande wetu wa Kongo, kwenye rasi ya Banza katika Ubwari, eneo la Fizi, na pia mahali paitwapo Pemba, watafiti waligundua mwaka 1987 chemchemi za maji ya moto chini ya ziwa. Mwaka 1991 wapiga mbizi wa safari ya pamoja ya Ufaransa, Zaire, Ujerumani na Burundi walishuka mpaka mita 46, wakapima joto la digrii 53 mpaka 103, na pale Banza wakakuta dohani ndogo za mawe, nyingine zenye urefu wa sentimita 70, zinazotoa maji ya moto. Mwanafunzi wa Uvira anasoma juu ya Galápagos kwa ajili ya Exetat, na Banza haijui!

Nisieleweke vibaya, nisije nikarudia kosa lile lile. Sisemi uhai ulianza Banza. Ziwa Tanganyika ni changa, lina miaka milioni chache tu mbele ya ile miaka miliari. Wala R.S.C. si mwanzo. Ninasema tu kwamba pale mtoto wetu anaweza kuona kwa macho yake vitu ambavyo wenye elimu wanabishania. Hiyo inatosha kumpa haki ya kukaa katika mabishano hayo kama mwenye nyumba.

Ninachoomba

Kwa kumaliza, ninaomba mambo matatu kwa shirika letu na kwa wote wanaoandika katika vijitabu hivi.

Kwanza, hadithi iandikwe vile mzee alivyoisema, kwa lugha yake kwanza, kisha kwa Kiswahili, pamoja na matapishi yake, mende zake na mchwa wake. Asomewe mbele ya kuchapishwa. Akisema «haina vile», kalamu irudi nyuma. Na daftari la kwanza lisitupwe kamwe.

Pili, walimu tufundishe njia zote za siansi pamoja na miiba yake. Tusiseme «imekwisha kujulikana», na tusiseme pia «ni uongo wa Wazungu». Tuseme kinachojulikana, kilichojaribiwa, na kinachotafutwa bado. Mtoto anayejua kwamba kazi haijakwisha, yeye ndiye anaweza kuifanya.

Tatu, tuchape yote mawili, kila moja katika ukurasa wake. Hakuna kosa kwa mtu mmoja kusikiliza Bumba jioni na kupima asidi ya amino asubuhi. Kosa ni kuvichanganya katika chungu kimoja mpaka kila kimoja kipoteze ladha yake.

Juu ya mzee wa Mweka, jina lake siliandiki hapa. Alituambia tulitoshe, na hakuturuhusu kulirudisha. Lakini mchwa wake nimewarudisha, kwa kadiri nilivyokumbuka, mahali pale alipowaweka yeye: mwishoni, wakipandisha udongo mweusi juu ya aliyewaleta duniani. Kama kuna mjukuu wake ao jirani yake anayesoma kijitabu hiki, na aliyesikia ile jioni ya tatu ambayo sisi hatukuisikia, tafadhali atufikie. Safari hii tutaandika tu.